Lotte Jacobi: Mpiga Picha Aliyesubiri Uso Ujitokeze

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu wa kamera na wenzangu wa jukwaani, habari za jioni.

Nianze na picha moja. Ni ya mwanamke, imepigwa Berlin kwenye mwaka 1930 hivi. Nywele zake ni fupi. Mkononi ana sigara. Hatabasamu, na hakuna pazia la mahameli nyuma yake wala kiti cha kifahari. Anakutazama kama mtu ambaye mmekaa naye mezani kwa muda mrefu, maneno yamewaishia, na wala hana haraka ya kuondoka. Huyo ni Lotte Lenya, mwimbaji na mwigizaji, mke wa mtunzi wa muziki Kurt Weill. Aliyempiga picha ni Lotte mwingine, Lotte Jacobi, na ndiye niliyekuja kumzungumzia.

Mimi nimelelewa ndani ya studio, Tanga. Ukutani baba alikuwa na pazia lililochorwa mnazi, ngazi za jumba na ndege inayopaa. Watu walikuja na nguo zao za Idi, baba akawaweka sawa, akawainua kidevu, akawaambia, "Tulia, usipepese." Nampenda baba yangu na nazipenda picha zake. Lakini nilipoiona picha ya Lenya nikiwa kijana, ndani ya kitabu kilichokwisha kuchanika jalada, niliona kitu ambacho kwenye picha zetu hakikuwepo. Hakuna aliyemwambia mwanamke huyu atulie. Alikuwa ametulia mwenyewe. Nimetumia miaka mingi ya kazi yangu kujiuliza inawezekanaje.

Lotte Jacobi alizaliwa tarehe 17 Agosti 1896 katika mji wa Thorn, wakati huo uko chini ya Wajerumani, leo ni Toruń nchini Poland. Familia yao ilikuwa ya Kiyahudi, na upigaji picha ulikuwa kazi ya ukoo. Babu wa baba yake, Samuel Jacobi, alikwenda Paris siku zile Mfaransa Daguerre alipokuwa ameutangaza uvumbuzi wake wa kupiga picha, mwaka 1839 na kuendelea. Familia ilisimulia kwamba alirudi nyumbani na kamera pamoja na kibali cha kuifanya kazi ile. Kutoka kwake ufundi ukamwendea babu, Alexander, kisha baba, Sigismund, kisha Lotte na mdogo wake Ruth. Vizazi vinne. Ukihesabu vizuri, ukoo huu ulianza kupiga picha karibu siku ileile dunia ilipoanza kupiga picha.

Akiwa na miaka kama kumi na miwili alimwomba baba yake kamera. Baba hakumnunulia. Alimsaidia kutengeneza moja: sanduku lisilopitisha mwanga, lenye tundu dogo kama la sindano upande mmoja. Kamera ya namna hiyo haina lenzi wala kitufe. Unaiweka chini, unalifungua tundu, unangoja. Mwanga unaingia polepole, nawe huna la kufanya ila kuwa na subira. Naamini somo lile halikumtoka maisha yake yote.

Hata hivyo hakupita njia iliyonyooka. Aliolewa mwaka 1916, akapata mtoto wa kiume mwaka uliofuata, na ndoa ikavunjika. Alikuwa anakaribia miaka thelathini alipokwenda Munich kusomea upigaji picha shuleni, kuanzia 1925 hadi 1927. Nawaambia hili kwa sababu humu ndani wapo vijana wa miaka ishirini na minane walioniambia mlangoni kwamba wamechelewa. Yeye alikuwa na mtoto wa miaka minane, ndoa iliyokwisha, na ujuzi wa nyumbani ambao wengi wangeona unatosha. Akaenda kukaa darasani.

Mwaka 1927 alijiunga na studio ya baba yake, ambayo sasa ilikuwa Berlin. Na Berlin ya wakati huo, ndugu zangu, ilikuwa mji wa jukwaa. Max Reinhardt alikuwa na majumba yake ya maigizo, Bertolt Brecht alikuwa anaandika tamthilia, kumbi za nyimbo na vichekesho zilijaa kila usiku, na magazeti yenye picha yalichapishwa kwa wingi. Magazeti yalitaka sura za waigizaji, na waigizaji walitaka sura zao zionekane. Mpiga picha wa jukwaani alikuwa katikati yao.

Hapa niruhusuni nikae kidogo kwenye ufundi, maana vijana wa simu mtashangaa. Kabla ya hapo, picha nyingi za maigizo zilikuwa za kupangwa. Onyesho likiisha, au kabla halijaanza, waigizaji waliitwa wasimame kama walivyosimama kwenye tukio fulani, mikono hewani, midomo wazi, wakaganda. Kisha unga wa magnesi ukawashwa, mwanga mkali ukalipuka, moshi ukajaa ukumbini. Picha ilipatikana, lakini tukio lilikuwa limekwisha kufa. Mwaka 1924, kiwanda cha Ernemann mjini Dresden kilitoa kamera iitwayo Ermanox, yenye lenzi pana kupita kiasi kwa wakati wake. Kwanza uwazi wa f/2, baadaye f/1.8; namba ikipungua, tundu la kupitisha mwanga linapanuka. Lenzi ile iliweza kunasa picha kwa taa za jukwaani peke yake, mazoezi yakiendelea, bila moshi na bila kumgandisha mtu.

Lakini ilikuwa na bei yake. Lenzi ikifunguliwa kiasi hicho, sehemu inayoonekana vizuri ni nyembamba mno: jicho linakuwa kali, sikio limekwisha kufifia. Na ndani mlikuwa na bamba moja la kioo la kunasia picha. Unapiga mara moja, unatoa, unaweka jingine. Huwezi kufyatua picha thelathini halafu ukachagua usiku nyumbani. Ilikubidi uijue tamthilia. Ujue mwigizaji huyu, akifika sentensi fulani, hugeuza shingo. Ukae gizani umngoje afike. Jacobi alifanya kazi na kamera za namna hiyo, na ndiyo maana picha zake za jukwaani zina pumzi ndani yake.

Sasa jambo lenyewe nililolijia. Mwigizaji ni mtu mgumu kuliko wote kumpiga picha ya sura. Mwalimu au mkulima akikaa mbele ya kamera anaona haya, na haya yake ni ya kweli. Mwigizaji haoni haya. Uso wake ni chombo chake cha kazi, anakijua kila pembe. Ukimwambia ahuzunike, atahuzunika sasa hivi, na ukifika chumba cha giza kusafisha picha unakuta umepata huzuni nzuri isiyo ya mtu yeyote. Nimedanganywa hivyo mara nyingi, na mwanzoni nilifurahi kudanganywa.

Jacobi aliikabilije hali hiyo? Alizungumza nao. Alikaa nao, akawaacha wavute sigara, wanywe, wachoke kujionyesha. Alizoea kusema kwamba mtindo wake ni mtindo wa watu anaowapiga picha. Nilipoisoma kauli hiyo ujanani niliiona ni unyenyekevu. Leo naiona ni sharti gumu, kwa sababu inakunyima mahali pa kujificha. Huwezi kuingia na picha uliyokwisha kuipanga kichwani. Na niseme pia kwamba, kwa macho yangu, hakujitendea haki katika kauli hiyo. Mkono wake unaonekana: anasogea karibu sana, anakata picha mpaka inabaki sura na labda kiganja, nyuma anaacha giza au ukuta mtupu, na mwanga wake ni mpole. Lakini baada ya hapo anaondoka njiani, na anayebaki ni yule aliyekaa mbele yake.

Ndiyo maana picha zake hazifanani. Mtazameni Peter Lorre, aliyepata umaarufu mwaka 1931 kwa kuigiza muuaji wa watoto kwenye filamu. Macho makubwa, uso wa mviringo. Mpiga picha mwingine angemtisha mtazamaji kwa taa za chini. Jacobi hakuhitaji. Watazameni Erika na Klaus Mann, watoto wa mwandishi Thomas Mann, waliokuwa wanafanya maigizo pamoja. Hawakuwa mapacha, walipishana mwaka mmoja, ila walipenda kuonekana kama mapacha. Nywele fupi wote, shati na tai wote, vichwa vimekaribiana. Unatazama mara mbili kabla hujajua yupi dada na yupi kaka. Hakuwageuza kuwa kituko. Aliwapa heshima ya kuonekana kama walivyotaka wenyewe.

Na Lenya. Tarehe 31 Agosti 1928, kwenye Theater am Schiffbauerdamm, ulifunguliwa mchezo wa muziki wa Brecht na Weill uliokuja kuitikisa Ulaya nzima. Lenya alikuwemo, akiigiza kahaba Jenny. Usiku ule jina lake lilisahauliwa kwenye orodha ya waigizaji iliyochapishwa. Mume wake alikasirika vibaya. Fikirini: mwanamke anapanda jukwaani usiku mkubwa kuliko yote ya maisha yake, na kwenye karatasi hayupo. Kila ninapoitazama picha ya Jacobi naikumbuka karatasi ile. Pale wachapaji walipomwacha, kamera ilimwandika.

Hakupiga waigizaji tu. Alimpiga mchoraji Käthe Kollwitz, mwanafizikia Max Planck, Albert Einstein akiwa kwenye mashua yake. Alimpiga pia Ernst Thälmann, kiongozi wa chama cha kikomunisti, na sura ile ikatumika kwenye kampeni ya urais ya mwaka 1932. Aliijua siasa na alikuwa na upande wake. Mwaka huohuo alisafiri kwenda Umoja wa Kisovieti, Moscow kwanza, kisha mbali huko Tajikistan na Uzbekistan, akapiga picha kwa maelfu: masoko, wanawake, mafundi, barabara za vumbi. Bila jukwaa, bila taa za kupangwa.

Aliporudi Berlin mwanzoni mwa 1933, nchi ilikuwa imebadilika. Tarehe 30 Januari Hitler alikuwa amefanywa Kansela. Mwezi Machi Thälmann alikamatwa. Waliishia kumpiga risasi kambini Buchenwald mwaka 1944. Kufikia Oktoba 1933 ilipitishwa sheria ya kuwaondoa Wayahudi kwenye kazi ya magazeti, na wapiga picha wa habari walikuwa ndani yake. Waliokaa mbele ya kamera yake walianza kutoweka mmoja mmoja: huyu Paris, yule London, mwingine hakuna aliyeuliza. Inasimuliwa kwamba wakubwa wa Nazi, kwa kuupenda ufundi wake, walikuwa tayari kumpa hadhi ya Mwariani wa heshima, yaani kumhesabu kuwa wa kile walichokiita damu safi ya Kijerumani ingawa ni Myahudi, na kwamba alikataa. Baba yake alikuwa mgonjwa, na hakuondoka mpaka mzee alipofariki, mwaka 1935. Mwezi Septemba mwaka ule akapitia London na kufika New York. Alikuwa na miaka thelathini na tisa.

Sehemu kubwa ya kazi yake ilibaki nyuma na kupotea. Naomba msipite haraka hapa. Baba yangu alipofariki, chumba cha studio kilitakiwa, na maboksi ya negativu, zile filamu zinazosafishwa kutoa picha, yakatolewa nje. Nilifika siku ya tatu. Mvua ilikuwa imekwisha kunyesha. Nilikaa uani nikitenganisha negativu zilizogandana, na kwenye kila moja nilikuwa nafuta sura ya mtu kwa vidole vyangu mwenyewe: maharusi, watoto wa siku arobaini, wazee waliopiga picha moja tu maishani. Kwa hiyo nikisoma kwamba Jacobi alipoteza Berlin yake, najua uzito wa neno hilo mikononi. Zile tulizonazo ni masalio. Lenya ni salio. Lorre ni salio. Wapo wengine ambao hatutawaona.

New York alianza upya pamoja na mdogo wake Ruth, naye mpiga picha, wakafungua studio Manhattan. Haikuwa rahisi. Wamarekani walikuwa wamezoea picha za nyota wa filamu, ngozi iliyolainishwa, taa kwenye nywele, kasoro zote zimefutwa. Yeye alileta nyuso zenye mikunjo.

Tukio linalosema yote ni la mwaka 1938. Jarida la Life lilitaka picha za Einstein, ambaye wakati huo naye alikuwa mkimbizi, anafanya utafiti mjini Princeton. Jacobi alikwenda, mtu anayemjua tangu Berlin. Einstein alikuwa amevaa jaketi la ngozi, nywele zake kama kawaida yake, kalamu mkononi. Hakumwomba abadilishe nguo. Alimwacha afanye kazi, akampiga akiwa anafikiri. Jarida likazikataa. Waliona mwanasayansi mkubwa hawezi kuonyeshwa namna ile, hana staha ya kutosha. Miaka minne baadaye Edward Steichen, mpiga picha mwenye jina kubwa Marekani, aliichagua mojawapo ichapishwe, na leo ni miongoni mwa picha za Einstein zinazopendwa zaidi duniani. Mhariri alitaka sanamu ya mtu mkubwa. Jacobi alileta mzee aliye kazini, amejisahau. Nami nawauliza waliomo humu mnaopiga picha za viongozi na za wazee wa familia: mara ngapi tumemwambia mzee avue koti lake la kila siku, tukamvisha la kuazima?

Watu walimfuata tena. Mchoraji Chagall na binti yake, Thomas Mann, Eleanor Roosevelt, mke wa Rais wa Marekani. Kijana J. D. Salinger alipotoa riwaya yake mwaka 1951, picha ya nyuma ya jalada ilikuwa ya Jacobi. Salinger hakupenda kutazamwa, na katika matoleo yaliyofuata akataka iondolewe. W. E. B. Du Bois, mwanazuoni Mmarekani mweusi, alikaa mbele yake, na Paul Robeson pia. Kwa Robeson sisi tuna sababu yetu ya kusimama kidogo. Mwimbaji huyu na mwigizaji, Mmarekani mweusi aliyecheza Othello Broadway mwaka 1943, alijifunza Kiswahili London katika miaka ya 1930, kwa kuamini kwamba lugha za Afrika zinamhusu yeye binafsi. Kwa hiyo katika nyuso zilizopita mbele ya lenzi ile, mmoja angeweza kutusalimu kwa lugha yetu.

Mwaka 1940 Jacobi aliolewa tena, na Erich Reiss, mchapishaji wa vitabu kutoka Berlin aliyekuwa amepitia kambi ya Wanazi kabla ya kutoroka. Miaka ya Reiss ya mwisho alikuwa mgonjwa, akafariki 1951. Katika kipindi hicho, kuanzia 1946 hivi, Jacobi alianza kufanya kitu kingine kabisa. Msanii Leo Katz alimchokoza ajaribu picha bila kamera. Aliingia chumba cha giza, akachukua karatasi ya kusafishia picha, akachezesha juu yake tochi au mshumaa, akakinga mwanga kwa vipande vya kioo na selofani iliyokunjwa. Yanayotoka ni mawimbi, mapazia ya moshi, mikunjo kama ya kanga inayopepea. Nakiri kwamba kwa miaka mingi nilizipita kurasa zile bila kusimama. Nilitaka nyuso. Halafu nikakumbuka kwamba Berlin alikuwa amewapiga picha wacheza dansi wengi. Sasa nikizitazama naona dansi, ila anayecheza ni yeye, mkono wake ukiwa na tochi gizani, nyumbani mna mgonjwa.

Mwaka 1955 aliuacha mji. Alihamia Deering, kijiji cha msituni katika jimbo la New Hampshire, pamoja na mwanawe na mkwewe. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Akajenga studio, akafungua ukumbi mdogo ambamo alionyesha kazi za wengine pia, akafuga nyuki, akaingia kwenye siasa za chama cha Democratic, akampiga picha mshairi Robert Frost, mzee wa jimbo lile. Mwaka 1963, akikaribia miaka sitini na saba, alikwenda Paris kujifunza uchapaji wa michoro kwa Stanley William Hayter. Tena darasani. Mwaka 1970 alisaidia kuanzisha idara ya picha kwenye jumba la sanaa la Currier, mjini Manchester, jimboni humohumo. Alifariki tarehe 6 Mei 1990, akiwa na miaka tisini na mitatu. Chuo Kikuu cha New Hampshire kinatunza negativu zake kama 47,000, kavu, kwenye masanduku yenye namba.

Nimesema mengi, na yeye asingependa mtu asimame kati yenu na picha kwa muda mrefu hivi. Aliye karibu na swichi naomba atuzimie taa. Nimeandaa picha arobaini, na sitazisemea. Kila moja itakaa ukutani dakika nzima, hata kama mtaona ni ndefu. Tuanze na Lenya.